Msumari Mahali pa Tokeni

Mpaka leo nikipita kwa hawa vijana wanaotengeneza simu pembeni mwa barabara, nikakuta mmoja wao anachomelea kitu, ile harufu ya risasi inayoyeyuka hunijaa puani na hasira yangu ya utotoni hupanda upya. Wenzangu wakikumbuka utoto wao hunusa maua ya kahawa, au mtori wa bibi zao. Mimi nanusa lehemu. Nanusa lehemu juu ya jiko la mkaa, katika stoo ya nyumba ya kupanga pale Kijenge, na baba yangu amepiga goti, ameuma waya mdomoni, ananiambia nishike vizuri nisitikisike. Jiko lenyewe lilikuwa lile lile la kupikia maharage. Mama alilalamika kila siku kwamba chakula chake kinanuka gereji, na baba alimjibu kwamba afadhali kinuke gereji kuliko kisiwepo kabisa. Ndivyo tulivyoishi mwaka ule, watatu sisi, maana wadogo zangu walikuwa hawajazaliwa, tukila maharage yenye harufu ya reli.

Baba alikuwa mtu wa reli. Naomba nieleweke: hakuwa dereva wa treni, ingawa shuleni niliwahi kusema hivyo na nikaaminiwa. Kazi yake pale stesheni ya Arusha ilikuwa kugeuza njia na kukabidhi tokeni. Reli ya kwenda Moshi ni ya njia moja tu, na treni mbili zikikutana katikati ya mbuga hakuna ya kumpisha mwenzake. Kwa hiyo kila kipande cha njia kilikuwa na kipande kimoja cha chuma, ndiyo tokeni, na dereva asiyekuwa nacho mkononi hasogei, hata awe amembeba nani. Baba aliipenda sheria hiyo kuliko amri kumi za Mungu, na alikuwa Mkatoliki asiyekosa misa. Alikuwa na kisa chake alichotusimulia mara kwa mara wakati wa kula, jinsi dereva mmoja alivyotaka kuondoka bila tokeni kwa kuwa alikuwa na mkubwa fulani ndani ya behewa, naye akasimama katikati ya reli na bendera yake nyekundu mpaka mkubwa mwenyewe akateremka kuuliza kuna nini. "Nikamwambia, mheshimiwa, reli haina mkubwa, reli ina tokeni," baba alimalizia, na mama aliyekisikia kisa hicho mpaka akachoka alikuwa akiinuka kwenda kuosha vyombo. Mimi nilibaki nimekodoa macho. Kwangu hapakuwa na mtu jasiri kuliko huyu duniani.

Reli yetu ya kwanza tuliijenga sakafuni, katika nyumba ya wafanyakazi nyuma ya stesheni. Ilikuwa duara tu la waya, na treni ilikuwa kopo la maziwa ya unga nililolivuta kwa uzi. Lakini wakati huo treni za kweli zilikuwa zimeanza kuadimika. Ya abiria ilichelewa, kisha ikawa siku nyingine haiji, kisha watu wakaacha hata kuiulizia. Majani yaliota kati ya mataruma, yale mapande yanayobeba reli, na mbuzi wa majirani walilala juu ya reli wakicheua bila wasiwasi. Baba aliendelea kwenda kazini na kofia yake nyeusi, akirudi mapema kuliko alivyorudi mwaka uliotangulia, na kila akirudi aliniongezea kitu: behewa la kopo la samaki, kibanda cha mgeuza njia, lango la kuzuia magari. Treni zilivyopungua nje ndivyo zilivyoongezeka ndani, mpaka njia ikazunguka miguu ya kitanda. Kisha wakaanza kupunguza watu. Neno lenyewe lilikuwa hilo, kupunguzwa, utadhani watu ni chumvi iliyozidi kwenye mchuzi. Baba alikuwa kati ya waliotangulia, na nyumba ikabidi turudishe. Aling'oa reli yetu kwa kisu, polepole, akazifunga zile waya ndani ya koti lake la kazi. Mimi nililia. "Nyamaza," akaniambia, "reli haifi. Inahamishwa."

Kijenge tulipata vyumba viwili na stoo. Stoo ilikusudiwa mkaa na magunia ya mahindi, lakini mahindi hatukuwa nayo, basi baba akaingiza reli. Safari hii aliijenga mezani. Meza yenyewe ilikuwa mlango mbovu wa rangi ya kijani aliopewa na mwenye nyumba, ukaunganishwa na mbao za masanduku ya chai, juu ya miguu aliyoipigilia mwenyewe. Mota tuliitoa kwenye redio kaseti iliyokufa, tuliyopewa na Kalasinga mmoja mwenye karakana ya redio mjini, na umeme ulitoka kwenye betri kuukuu ya pikipiki. Waya za shaba tulizinyoosha kwa nyundo. Mataruma yalikuwa vijiti vya mwanzi, na kuyapanga ilikuwa kazi yangu kwa kuwa vidole vyangu vilikuwa vyembamba. Kokoto za reli nilizifuata mto Themi, ule mchanga mweusi unaoshuka kutoka Meru, nikauchekecha kwa chujio la chai la mama. Chujio hilo liliniponza, nilichapwa, lakini reli ilipendeza. Ilianzia Arusha, pembeni mwa dirisha, ikapita Usa River, ikavuka daraja la Kikuletwa lililotengenezwa kwa spoku za baiskeli, ikapumzika Rundugai, ikaishia Moshi karibu na pipa la maji. Watu wa stesheni niliwachonga mimi kwa magunzi ya mahindi. Kila mmoja nilimpa jina na safari yake, na ole wake baba ampandishe abiria wa Usa River kwenye treni isiyosimama Usa River.

Mlima Meru ndio uliotutesa. Tuliujenga kwa magazeti na uji mzito wa ngano, ukakauka vizuri, baba akaupaka rangi ya majivu kileleni. Masika ilipokuja bati likavuja palepale juu ya mlima, ukalainika, ukabonyea, ukaanguka juu ya Usa River, na panya wakaja kula uji. "Meru imelipuka!" baba alisema, akacheka mpaka akakaa chini. Mwingine angeacha. Yeye aliziba bati kwa lami, akang'oa njia yote ya upande ule, tukaanza upya. Na si mara hiyo tu. Behewa likianguka kwenye kona, hakurekebisha kona; aliibomoa na kuijenga tena kutoka mwanzo, na mimi pembeni yake nikipanga vijiti vilevile kwa mara nyingine. Nilijifunza pale kwamba kitu kikivunjika hakijaisha. Mlima wa pili niliukandika mimi mwenyewe, na upande wa nyuma, usioonekana na abiria, nilibandika kiganja changu kwenye uji mbichi kikabaki alama. Baba aliiona akasema isipakwe rangi.

Siku mlima ulipokauka ndipo aliponipa tokeni. Alikuwa ameikata kwenye koki ya bomba iliyokufa, shaba tupu, akaisugua kwa majivu mpaka ikang'aa, akatoboa tundu na kupitisha kamba ya kiatu. Pale stesheni ya Arusha alikuwa ameukata waya wa umeme na kuacha mwanya mdogo. Ukichomeka tokeni kwenye mwanya, umeme unapita, treni inaondoka. Ukiichomoa, treni ni makopo tu. Alivaa kofia yake ya kazi siku ile, akanisimamisha wima, akanivisha tokeni shingoni kama askofu anavyovisha msalaba. "Kuanzia leo wewe ndiye stesheni masta," akasema. "Bila Manka, treni haitembei. Hata mimi siigusi." Nikamuuliza, je, nikiwa shule? Akasema itasubiri. Nikamuuliza tena, na nikienda kwa bibi kijijini Kilema? "Itasubiri, mama. Reli ina tokeni." Aliniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake, na aliponiita hivyo ningeweza kumpa hata macho yangu. Nililala na tokeni ile na kuoga nayo. Ilinichora rangi ya kijani kifuani, na sista wa katekisimu akaniuliza kwa ukali kama wazazi wangu wamenifunga hirizi. Na baba alishika ahadi, lazima niseme hilo. Nilirudi shule nikamkuta ameketi mbele ya treni aliyoitengeneza upya tangu asubuhi, hajaijaribu, ananingoja.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Vitu vilivyokuwa hadithi vilijaa madukani: sabuni za kila rangi, runinga, midoli ya kupepesa macho, mitumba inayomwagwa chini kama mahindi. Tatizo likawa kwamba zamani tulikuwa na pesa bila vitu, na sasa palikuwa na vitu bila pesa. Mama alikaanga maandazi. Baba alizunguka mjini kutafuta kazi akiwa amevaa ile kofia, mpaka mama akamwambia aivue, watu wanamcheka. Wakati huo ndipo alipoanza kuja Mzee Aloyce. Alikuwa mtu wa kwetu Kilema, aliyekuwa na lori moja la kubeba vitunguu na sasa ana duka kubwa karibu na soko kuu, duka la kioo kizima kuanzia juu hadi chini, lenye bidhaa za Dubai. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema; mgeni wetu alipokuja, wenyeji tulikuwa watatu na aliyepona alikuwa mmoja.

Siku ya kwanza aliyoingia stoo alipiga makofi kama mtoto. "Kaka, kitu kama hiki unakificha na mkaa?" Nilimwendeshea treni mpaka Moshi na kuirudisha. Nilipochomoa tokeni ikasimama ghafla katikati ya daraja, alicheka mpaka akafuta machozi, akaniambia mimi ni mkali kuliko mkuu wa stesheni yoyote aliyowahi kumwona. Alinipa biskuti za maziwa. Nilimpenda, ndiyo ubaya wake. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu hata nguoni hakuwa ameingia, nilimkaribisha mwenyewe kwa shikamoo.

Shule zilipofungwa mwezi wa Desemba, mimi na mama tulitangulia Kilema kama ilivyo desturi yetu Wachaga. Mjini unaweza kuishi vyovyote, lakini Krismasi huliwa nyumbani. Baba alisema atakuja mkesha wa sikukuu, ngoja kwanza alinde nyumba maana wezi hupenda Desemba. Alitusindikiza hadi stendi, akanishika bega, akasema, "Chunga tokeni." Nikaipapasa chini ya gauni nikamwambia ipo. Naikumbuka sauti yake ilivyokuwa ya kawaida. Sijui kama siku ile alikuwa tayari ameshapanga. Nimejiuliza hilo maisha yangu yote, na sikupata ujasiri wa kumuuliza yeye.

Mkesha ukafika, baba hakuja. Krismasi ikafika, mbuzi akachinjwa, na baba hakuja. Kwetu mwanamume asiyefika nyumbani Krismasi, asiwe mgonjwa wala na msiba, huulizwa maswali, na asipokuwepo huulizwa mkewe. Mama alijibu kila mtu kwamba kazi, kazi, na kila mtu alijua kwamba kazi hana. Kila ndugu ana sehemu yake ya nyama kwa mila yetu, haiibiwi wala haibadilishwi, na ya baba bibi aliitundika darini juu ya moshi isiharibike. Mimi niliwapa binamu zangu habari za reli mpaka wakachoka. Waliponiambia twende tukacheze, nilikaa na bibi kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo, akapalilia na kunionyesha masale, ile mimea ya majani marefu tunayoipanda mipakani. Akanifundisha kwamba mtu aliyekukosea akija na jani la isale mkononi, hata kama alichoma nyumba yako, unapokea na kusamehe, na ukishapokea huwezi kurudi nyuma tena. "Asiyepokea isale amejitoa mwenyewe katika watu," bibi alisema. Nikaitikia, kama watoto wanavyoitikia mambo ya wakubwa.

Tulirudi Arusha kabla ya mwaka mpya. Mama alikuwa amebeba nyama ya baba kwenye majani ya mgomba, mimi nimebeba ndizi, tukitembea kwa miguu kutoka stendi. Karibu na soko kuu tukakuta watoto wamejaa mbele ya duka la Mzee Aloyce, wamebandika pua kwenye kioo. Nikasikia mluzi. Ule mluzi niliujua, ni wa filimbi ya baba, ile aliyokuwa akipulizia treni yetu. Nikawaachia watu ndizi, nikapenya kati ya miguu yao mpaka mbele.

Treni yetu ilikuwa inatembea. Ilivuka daraja la spoku, ikapita Rundugai, ikazunguka mlima uliokuwa umemwagiwa pamba juu iwe theluji ya Krismasi, na waliupanga kinyume, nyuma mbele, kwa hiyo kiganja changu kilitazama barabarani kwa kila mpita njia. Abiria wangu wa magunzi hawakuwepo. Mahali pao palisimama midoli midogo ya plastiki. Baba alikuwa ameketi pembeni na kofia yake ya kazi, filimbi mdomoni. Na mahali pangu, kwenye kigoda changu, alikaa mtoto wa Mzee Aloyce, Godi, rika langu, na soksi nyeupe hadi magotini. Nikaangalia mwanya wa tokeni. Mlikuwa na msumari. Msumari wa kupigilia bati, wenye kutu! Mkono wangu ukaenda kifuani wenyewe kuhakikisha kama tokeni ipo, na ilikuwepo, ya moto kwa jasho langu. Kumbe hata msumari ungefaa. Siku zote zile ungefaa.

Nilimwita baba. Kioo kilikuwa kinene. Lakini aliinua macho akaniona, naapa aliniona, kisha akayashusha, akampa Godi ishara kwa kidole, na Godi akauchomeka tena msumari, na treni iliyokuwa imesimama stesheni ikaondoka. Nyuma yangu mama alisema, "Yelewii," kwa sauti ndogo sana, akanivuta mkono tukaenda zetu. Ndizi hatukuziona tena.

Jioni baba alirudi. Mama alimwekea mbele ile nyama ya bibi, haijafunguliwa, akaenda jikoni. Baba alitueleza mengi. Kwamba amepata kazi dukani kwa Mzee Aloyce, ya kutunza stoo. Kwamba mkono mtupu haulambwi. Kwamba Mzee alitaka kioo chake kivute watu wakati wa sikukuu, na baba hakuwa na kitu kingine cha kumpa mtu yule. "Mtu hali reli, mwanangu," akasema. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja nililotaka kulisikia. Nilitaka aseme kwa nini aliningojea niondoke. Angeniuliza! Ningevua tokeni ile na kumpa mwenyewe, ningekaa naye kwenye kioo kile na gauni langu la Krismasi, nikawachekesha watu wa mji mzima. Lakini alinisindikiza stendi na kuniambia nichunge tokeni.

Kuanzia kesho yake sikumwamkia. Msomaji aliyelelewa kwetu anajua uzito wa jambo hilo. Baba aliamka asubuhi, nami nilipita mbele yake kimya kama napita mbele ya kabati. Nilitegemea mama anichape, na yeye naye alijifanya hakusikia kitu. Siku zikapita hivyo, mimi na kimya changu, na stoo imebaki na miguu mitupu ya meza na mchanga mweusi sakafuni, ambao niliukataza ufagiliwe.

Ndipo Jumapili moja baada ya misa baba akaja na mama yangu wa ubatizo, mama mmoja wa kwetu aliyeuza vitambaa sokoni, na mkononi alishika jani la isale limefungwa fundo. Sijui alilichuma ua la nani. Mama aliacha mwiko ndani ya sufuria. Isale hupelekwa kwa mzee, kwa jirani mliyegombania mpaka, kwa ukoo uliomwaga damu. Baba kumletea mtoto wake wa kike, tena mdogo vile, hatukuwahi kusikia. Alipiga goti, lile lile alilopiga nilipokuwa namshikia waya, akasema, "Mama, nimekukosea. Nisamehe." Mama yangu wa ubatizo akaniambia, "Manka, pokea." Nikapokea. Nikasema, "Shikamoo, baba," nikalia kwa sauti, na baba akalia, na hata huyu muuza vitambaa akajipangusa. Tulikula pamoja. Baba alisimulia tena kisa chake cha mkubwa ndani ya behewa, na safari hii mama alikaa mpaka mwisho. Nililala na lile jani chini ya mto, nikiamini kwamba kesho tutapanga upya miguu ya meza.

Asubuhi baba alikuja na shati lake la kazini. "Mama," akaniita, "ile tokeni iko wapi?"

Nikaivua upesi, nikidhani anataka kuisugua kwa majivu kama zamani.

"Mtoto wa Mzee amekuwa akiiulizia," akasema. "Msumari haupendezi. Mzee naye anasema kitu kikae kamili."

Nilimtazama. Nikamwambia, "Lakini jana umeniletea isale."

"Na wewe ukapokea," akajibu, kwa upole kabisa. "Yamekwisha, si ndiyo?"

Ndiyo, yalikuwa yamekwisha. Nilikuwa nimefundishwa vizuri kihambani: aliyepokea harudi nyuma. Nikampa tokeni yangu na kamba yake ya kiatu. Aliitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo, akaondoka na mwendo wa mtu anayewahi kazi. Kuibiwa kwa kwanza niliweza kukubali. Ni njaa, na njaa haina adabu. Lakini la pili lilifanywa na kitu kitakatifu. Alichukua jani la msamaha akalitumia kama bisibisi.

Mwaka uliofuata ziliingia treni za plastiki kutoka Dubai, zinazowaka taa na kuimba, na kioo cha duka kikahitaji nafasi. Hakuna aliyeniambia kitu. Nilitumwa dukani siku moja nikauona mlango wetu wa kijani nyuma ya kaunta, umegeuzwa rafu, umepangwa katoni za sabuni, na kwenye ukingo wake bado vimekwama vijiti viwili vitatu vya mataruma yangu. Mlima sikuuona. Tokeni sikuiulizia. Baba alifanya kazi pale miaka mingi, na kazi hiyo ndiyo iliyonisomesha mimi na wadogo zangu. Shangazi zangu hawachoki kunikumbusha. Najua. Nimeshukuru. Shukrani nayo si dawa ya kila kitu, na maji yakimwagika hayazoleki. Reli nyingine hatukujenga, ingawa mtu yule alikuwa amenifundisha kwamba kila kilichobomoka hujengwa tena.

Sasa mji umetanuka, Kijenge ya utoto wangu ukiitafuta hutaipata, na duka lile la kioo ni la kuuza simu. Mimi nimejenga Kimandolu, na ua wangu ni wa michongoma. Masale sikupanda, na mafundi wa bustani wa Kichaga wamenishangaa. Treni ya abiria, iliyokuwa imekufa miaka yote, imerudi. Ilipofika mara ya kwanza nilimpeleka baba stesheni kwa gari langu. Ni mzee sasa, anaishi nami tangu mama alipotutoka. Alisimama na kofia yake ile ile, imeliwa na nondo, akalia bila kujificha. Nilimshika mkono. Nampenda baba yangu, na sijawahi kumsamehe, na mambo hayo mawili hukaa ndani yangu bila kugombana, kila moja na chumba chake.

Baada ya siku ile alianza kujenga. Binti yangu, Aika, yuko rika nililokuwa nalo wakati ule. Niliporudi kazini nilikuta kibaraza cha nyuma kinanuka lehemu, babu yake amepiga goti kwa taabu, na mtoto ameshika waya, ameuma ulimi, hatikisiki. Nilikwenda chumbani nikakaa kitandani na mkoba wangu begani. Kila siku reli imeongezeka: Usa River, daraja, Rundugai. Mlima wanaujenga kwa magazeti, na umeshaanguka mara moja, na nilisikia mzee akicheka kama alivyocheka zamani. Kisha jioni moja Aika akaja mbio jikoni, shingoni ana kifuniko cha shaba kilichosuguliwa kikang'aa, kimefungwa kamba ya kiatu. "Mama, mimi ndiye stesheni masta! Babu kasema bila mimi treni haitembei. Hata nikienda kwetu Kilema itanisubiri."

Desemba ilipokaribia mume wangu akaniuliza mezani tukate tiketi za tarehe gani. Nikasema mwaka huu hatuendi Kilema. Akasema itakuwaje, na mbuzi, na ndugu, na tangu tuoane hatujakosa hata Krismasi moja. Nikasema hatuendi, Krismasi tutakula hapa hapa, na huyu mtoto hatoki nyumbani. Aika akauliza kwa nini. Baba aliinua macho kutoka kwenye sahani yake, akanitazama, kisha akakitazama kile kifuniko kifuani mwa mjukuu wake, kisha akayashusha macho yale yale. Yeye hakuuliza.